Ufunguo wa Pili Uko kwa Nani?

Kupanga nyumba Dar es Salaam kuna utaratibu ambao karibu kila mtu anaujua. Dalali anamleta mteja, mteja anatazama dari kama ina madoa ya maji, anafungua bomba, anauliza kama LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia. Wanavutana kidogo juu ya kodi, wanakubaliana miezi sita au mwaka mzima, fedha inahesabiwa au inatumwa kwa simu, dalali anachukua chake, ambacho kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, kisha mwenye nyumba anachomoa ufunguo kwenye kishada na kuukabidhi. Yote hayo huulizwa na kubishaniwa isipokuwa jambo moja: ni watu wangapi wengine wanao ufunguo kama huo? Mpangaji aliyehama juzi ameurudisha wake, sawa. Lakini katika miaka aliyokaa pale alichonga mingapi? Mdogo wake aliyekuja kusoma chuo alikuwa na wake, dada wa kazi alikuwa na wake, fundi rangi aliachiwa mmoja kwa wiki nzima, na ule uliodondoka kwenye daladala haukupatikana tena. Kwenye kishada cha mwenye nyumba nako umebaki mwingine. Mpangaji mpya analala nyuma ya mlango ambao hajui unafunguliwa na nani, na ameshalipia miezi sita ya kulala hivyo.

Hoja yangu ni kwamba uwezo wa kujifungia ndani, na kumzuia nje kila ambaye hukumkaribisha, akiwemo mwenye nyumba, ndicho kitu cha kwanza ambacho kodi inanunua. Bati na kuta vinaweza kupatikana hata kwenye pagale. Kinachogeuza chumba kuwa makazi ya mtu ni kwamba akitoka asubuhi kwenda kazini anakuta vitu vyake jioni palepale alipoviacha, na akilala hakuna anayeingia. Kwa hiyo kitasa kinapaswa kubadilishwa kila mpangaji anapobadilika, kwa gharama ya mwenye nyumba; mwenye nyumba asiingie bila taarifa; na kufuli lisitumike kamwe kama njia ya kudai kodi. Wengi wataona haya ni mageni, ya kuigwa Ulaya. Kwa kweli sehemu kubwa imo tayari katika sheria zetu, ila imesemwa kwa lugha ya jumla mno hata haiwezi kumsaidia mtu anayesimama nje ya mlango wake saa moja usiku.

Tuanze na kilichopo. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake. Haikusema kila mwenye hati, imesema kila mtu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaingiza katika kila pango ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa na aliyempangisha. Ahadi hiyo haihitaji kuandikwa na mwanasheria; ipo hata pale ambapo karatasi pekee iliyopo ni risiti ya daftari la duka, kwa kuwa sheria hiyohiyo inatambua pango la mwaka mmoja au pungufu hata likiwa la mdomo. Inamtaka pia mpangaji amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua hali ya jengo, lakini kwa wakati unaofaa na baada ya taarifa ya kutosha. Ukija kwenye Kanuni ya Adhabu, kosa la kuingia kwa jinai linahusu mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na chumba kilichopangishwa kimo mikononi mwa mpangaji, jina lililoandikwa kwenye hati liwe la nani. Mwenye nyumba anayeingia chumbani mwa mpangaji ili kumtisha au kumuudhi hana kinga kwa sababu tu jengo ni lake. Kisheria, siku aliyopokea kodi alijitoa mlangoni kwa muda wote uliolipiwa.

Sasa tutazame mlango wenyewe, maana mjadala wa usalama wa nyumba kwetu huishia kwenye ukuta mrefu, nyaya za umeme juu ya ukuta, na mlinzi wa getini, vitu vya watu wenye nyumba nzima. Aliyepanga chumba na sebule anategemea kitasa. Vitasa vingi vya nyumba za kupanga ni vile vya kuchimbia vya bei ya chini, ambavyo ndani yake mna vibamba viwili au vitatu vinavyonyanyuliwa na meno ya ufunguo. Vibamba vikiwa vichache, michongo inayowezekana nayo ni michache, ndiyo maana si ajabu ufunguo wa chumba cha kwanza ukakubali kwenye mlango wa tatu wa korido hiyohiyo, hasa kama fundi alinunua vitasa vyote kwa mpigo. Mchonga funguo aliyekaa na mashine yake pembeni ya stendi hakuulizi ufunguo ni wa nani. Anaubana pamoja na ufunguo ghafi, jiwe linazunguka, anapiga tupa kidogo kuondoa makali, unalipa unaondoka. Wala simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake, na hana namna ya kujua. Ninachosema ni kwamba kila ufunguo uliowahi kukaa mfukoni mwa mtu kwa siku moja uhesabiwe kuwa huenda una pacha wake.

Madhara ya hili hayaonekani kwa urahisi kwa sababu wizi wa ufunguo hauachi alama. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kuvunja hata pale mtu anapofungua mlango kwa ufunguo, mradi ameingia kwa nia ya kutenda kosa. Lakini mtaani na kituoni swali la kwanza ni lilelile: mlango umevunjwa? Ukijibu kwamba kitasa ni kizima na nondo za dirisha hazijaguswa, macho yote yanageukia ndani ya nyumba. Dada wa kazi anakuwa wa kwanza kuhojiwa, anafuatia yule ndugu aliyekuja kutoka mkoani kutafuta kazi, anafuatia jirani wa chumba cha pili. Binti wa miaka kumi na minane anafukuzwa na jina baya linamfuata, wakati ambapo ufunguo uliotumika huenda ulichongwa na mtu aliyekaa pale wapangaji wawili nyuma. Kitasa kilichobadilishwa siku ya makabidhiano kingempunguzia mwizi nafasi, na kingewaondolea pia wasio na hatia mzigo wa kushukiwa. Hili la pili huwa halitajwi na mtu.

Pingamizi la kwanza litakuwa gharama. Litasemwa na watu wenye akili zao, kwamba ukimbebesha mwenye nyumba mzigo mwingine ataurudisha kwenye kodi. Inawezekana, lakini tuupime mzigo wenyewe. Kitasa cha kawaida pamoja na ufundi havifiki kodi ya mwezi mmoja, nayo kodi hiyo ya mwezi mmoja ndiyo mpangaji anampa dalali kwa kumwonyesha tu mlango ulipo. Kwa milango yenye silinda hata kitasa chenyewe hakiguswi: fundi anafungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, anageuza ufunguo kidogo hadi kile kidole cha katikati kilingane na mwili wa silinda, anaichomoa, anaingiza nyingine, bila kutoboa wala kupaka rangi upya. Na mwenye vyumba sita uswahilini hahitaji kununua kila mara. Anahitaji kitasa kimoja cha akiba. Mpangaji wa chumba cha pili akihama, cha akiba kinaingia pale, cha zamani kinawekwa kabatini hadi chumba cha tano kitakapobaki wazi. Utaratibu huu una udhaifu wake, kwani ufunguo wa zamani bado unafungua mlango fulani ndani ya nyumba ileile, ila mwenye kuushika hajui ni upi, na hawezi kuja kujaribu vyumba vyote vyenye watu. Kwa nyumba ya kipato cha chini hiyo ni hatua kubwa kwa bei ya kitasa kimoja. Huko Texas, jimbo la Marekani ambalo hakuna atakayelishutumu kwa kuwadekeza wapangaji, sheria inamtaka mwenye nyumba abadilishe ufunguo kwa gharama yake ndani ya siku saba tangu mpangaji mpya aingie. New South Wales kule Australia sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwenye nyumba aweke na kutunza vitasa vinavyotosha kuifanya nyumba iwe salama kwa kiasi cha kuridhisha, na hakuna upande unaoruhusiwa kubadilisha kitasa bila ridhaa ya mwenzake au sababu ya msingi.

Neno hilo la ridhaa linatuleta kwenye ufunguo wa pili, ule uliobaki kishadani. Mwenye nyumba atauliza: bomba likipasuka mpangaji yuko safarini Mbeya, niache nyumba yangu ibomoke? Moto ukiwaka? Mpangaji mzee akianguka ndani asijibu simu? Haya ni maswali ya kweli, na sioni sababu ya kuyakwepa. Dharura ina haki ya kuvunja mlango, na hakuna mtu wa busara atakayemshitaki aliyevunja kitasa kuokoa maisha au kuzuia mafuriko. Lakini dharura ni tukio la nadra, na kishada cha mwenye nyumba kinatumika siku za kawaida. Kinatumika kumwonyesha chumba mteja mpya wakati mpangaji yuko kazini na mkataba wake haujaisha. Kinatumika kuangalia kama kweli anaishi peke yake kama alivyosema, au kama ana jiko la umeme linalokula LUKU ya pamoja. Njia ipo ya kutimiza hoja ya dharura bila kumwachia mtu mmoja uamuzi: ufunguo wa akiba uwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, pande zote mbili zisaini juu ya gundi, ikae kwa mjumbe au kwa mtu ambaye wote wawili wanamwamini. Ikifunguliwa, kuwe na sababu na kuwe na shahidi. Mwenye nyumba anayeona taabu kwenda kwa mjumbe kuchukua bahasha wakati maji yanafurika hadi barazani, nadhani hana dharura.

Hali ni ngumu zaidi pale mwenye nyumba anapoishi ndani ya ua huohuo, na kwa Dar es Salaam, Mwanza au Tanga hiyo ndiyo hali ya nyumba nyingi. Kuna uwanja mmoja, choo cha pamoja, kamba za kuanikia zinazogawanywa kwa zamu, na mama mwenye nyumba anayejua nani amepika nini. Ukaribu huo una faida zake. Mwizi wa mchana hapiti kirahisi mbele ya jicho la mama anayechambua mchele barazani, na mgonjwa hakosi wa kumpa maji. Sitaki kuonekana kama ninapendekeza kila chumba kiwe kisiwa. Lakini ukaribu huohuo ndio unaofanya mipaka iwe muhimu, maana hapo mpangaji hana kitu kingine cha faragha isipokuwa kile kilicho nyuma ya mlango wake. Kuna pia suala la geti, ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Katika nyumba nyingi geti linafungwa saa nne au saa tano usiku, na ufunguo unalala kwa mwenye nyumba. Muuguzi wa zamu, mpishi wa hoteli, mlinzi na dereva wa bodaboda wote wanalipa kodi ya saa ishirini na nne lakini wanaruhusiwa kuingia kwa saa kumi na nane. Wakichelewa wanagonga, wanatukanwa, au wanalala nje. Likiwaka moto usiku, geti lililofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake mtu mmoja tu anajua ulipo linakuwa jambo baya kuliko mwizi. Kila mpangaji apewe ufunguo wa geti. Anayeogopa kwamba wapangaji wataacha geti wazi aweke kitasa kinachojifunga chenyewe linaposukumwa.

Wapo watakaosema mwenye nyumba lazima awe na ufunguo kwa sababu wahalifu hujificha kwenye vyumba vya kupanga. Hofu hii haikutoka hewani; polisi na viongozi wa mitaa wamekuwa wakiwahimiza wenye nyumba kuwajua wapangaji wao. Kumjua mpangaji, hata hivyo, hufanyika mlangoni kabla hajaingia: kitambulisho cha taifa, namba ya simu, mdhamini, kumtambulisha serikali ya mtaa. Baada ya hapo, kama kuna shaka ya silaha au mali ya wizi, upekuzi una taratibu zake, una polisi, una hati, una mashahidi wanaosaini walichokiona kimekutwa. Mwenye nyumba anayejipekulia kimyakimya anaharibu hata kesi ambayo ingeweza kufanikiwa, kwa kuwa wakili wa mtuhumiwa atauliza swali jepesi: nani mwingine alikuwa na ufunguo wa chumba hicho?

Kubwa kuliko yote ni kufuli la kodi. Mpangaji amechelewa wiki mbili au tatu, anarudi jioni anakuta kufuli jipya juu ya kitasa chake, au kitasa kimebadilishwa, au mlango wenyewe umeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Sare za shule za mtoto zimo ndani, vyeti vimo ndani, dawa za presha zimo ndani. Anaambiwa lete hela uchukue vyombo. Njia hii imezoeleka kiasi kwamba hata anayefanyiwa huona aibu ni yake, hupiga simu kwa ndugu kukopa badala ya kwenda kulalamika. Wenzetu wa Kenya hawajapona ugonjwa huu: wakati wa korona mwaka 2020 magazeti yao yaliripoti wenye nyumba waliong'oa milango na mabati juu ya vichwa vya wapangaji waliokosa kodi, ingawa Sheria ya Ardhi yao ya mwaka 2012 ina ahadi ileile ya kukaa kwa utulivu kama yetu. Sheria yao ya zamani ya kudhibiti kodi inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango ambacho Nairobi ya leo kimewaacha nje wapangaji wengi. Sisi tulikuwa na sheria yetu ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1984, iliyofutwa mwaka 2005. Kwa upande wa kupanga bei, waliotaka ifutwe walikuwa na hoja nzuri. Ila katika kutupa udhibiti wa bei tulitupa pia kinga ya mpangaji dhidi ya kutolewa kiholela, vitu viwili ambavyo havikuwa na lazima ya kwenda pamoja.

Aliyefungiwa nje leo aende wapi? Zamani angekwenda Baraza la Kata. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza hilo mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabaki na kazi ya kusuluhisha, na limepewa siku 30 kabla mlalamikaji hajaruhusiwa kusonga mbele kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ni jambo jema kwa majirani wanaogombea mpaka wa shamba, ambao ulikuwepo kabla yao na utakuwepo baada yao. Mtu aliye nje ya mlango na watoto anahitaji amri ya kufunguliwa jioni hiyohiyo, na chombo kilicho karibu naye hakina uwezo wa kuitoa. Akienda kituo cha polisi ataambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani. Hapo ndipo lugha ya jumla ya sheria inapomwangusha. Ahadi ya kukaa kwa utulivu inamwezesha kushitaki na kudai fidia baadaye, ila haimpi askari wa zamu kifungu cha kushika mkononi usiku ule.

Mwenye nyumba naye ana kilio chake, na makala za namna hii humpita haraka mno. Mjane aliyeachiwa vyumba vitatu Mbagala, ambavyo kodi yake ndiyo ada na ndiyo mboga, hawezi kusubiri shauri lililoahirishwa mara nne huku mpangaji anaendelea kulala bure. Ukimnyang'anya kufuli bila kumpa kitu kingine umemwachia hasara. Nakubali kabisa. Lakini kwanza tukumbuke kwamba kwa utaratibu wetu wa kulipa miezi sita au mwaka mbele, mwenye nyumba huanza akiwa na fedha mkononi. Deni hutokea mwishoni, wakati wa kulipia upya, na hapo anakuwa na miezi kadhaa ya kujua kama mpangaji ataendelea. Pili, dawa ya shauri la polepole ni shauri la haraka. Mashauri ya kodi ya vyumba vya makazi yangeweza kupewa njia yake fupi: hati ya madai ya ukurasa mmoja, risiti, siku chache za kujibu, uamuzi, tarehe ya kuhama. Hakuna ushahidi mgumu katika swali la kama kodi imelipwa au haijalipwa. Wakati hayo yanaendelea, ufunguo ubaki kwa mpangaji. Hata Texas, ambako sheria inamruhusu mwenye nyumba kubadilisha kitasa cha mdaiwa kwa masharti makali ya notisi, inamlazimu kumpa mpangaji ufunguo mpya saa yoyote anapouomba, awe amelipa au hajalipa; kitasa kinakuwa njia ya kumlazimisha mdaiwa aje wazungumze, lakini halali nje. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Katiba yao inakataza mtu kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama, na marekebisho ya sheria yao ya nyumba za kupanga ya mwaka 2007 yakafanya kumfungia mpangaji nje isivyo halali kuwa kosa la jinai lenye kifungo. Na Uganda, baada ya mjadala mrefu, walipata sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022.

Kuna kundi moja ambalo kwake kitasa ni suala la uhai. Mwanamke aliyeachana na mume anayempiga hubaki kwenye chumba ambacho mkataba wake umeandikwa jina la mume. Akibadilisha kitasa, mwenye nyumba anamwambia hana ruhusa. Mume akija, mwenye nyumba anampa ufunguo wa akiba, kwa nia njema kabisa, kwa sababu yeye anamjua kama mpangaji wake. Anayefungua mlango huo saa saba usiku hakuhitaji kuvunja kitu. Sheria ya New South Wales imelitazama hilo na kuhesabu amri ya mahakama ya kumlinda mtu dhidi ya mnyanyasaji kuwa miongoni mwa sababu za msingi za kubadilisha kitasa bila kungoja ridhaa. Kwetu, ambako dawati la jinsia la polisi lipo katika vituo vingi, barua ya dawati hilo ingetosha kumpa mwanamke haki ya kubadilisha kitasa siku hiyohiyo na kumzuia mwenye nyumba kutoa nakala kwa yeyote asiyetajwa humo.

Watakaosema sheria haiwezi kufika kwenye vyumba vya uswahilini wakumbuke Agosti 2021, serikali ilipoanza kukata kodi ya majengo kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ilifika kila penye mita, na katika nyumba nyingi aliyeanza kuilipa alikuwa mpangaji, kwa kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba. Dola iliyoweza kumfikia mpangaji kwa ajili ya kodi ya jengo lisilo lake haiwezi kudai kwamba haijui anakaa wapi pale anapohitaji kulindwa. Bunge likiongeza vifungu viwili au vitatu kwenye Sheria ya Ardhi, vikitaja kitasa, ufunguo na kufuli kwa majina yake na kuweka faini kwa anayemfungia mtu nje, kazi kubwa itakuwa imefanyika. Si lazima tungoje sheria nzima ya pango, ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi.

Wakati tunasubiri, mkataba unaweza kuanza. Mikataba mingi ya pango iliyochapwa tayari imejaa makatazo ya mpangaji: asipige misumari, asifuge mbwa, asipangishe mwingine. Iongezwe sentensi moja kwamba kitasa kimebadilishwa siku ya makabidhiano mbele ya mpangaji, idadi ya funguo alizopewa ni kadhaa, wa akiba umewekwa kwa fulani, na mwenye nyumba hataingia bila taarifa ya siku moja isipokuwa kwa dharura. Mpangaji mwenye kiherehere cha kuhama kabla mwezi haujaisha hatakumbuka kulidai hilo. Anayeweza kulifanya liwe la kawaida ni dalali, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua wote wawili na ndiye anayewaleta mezani. Kwa kodi ya mwezi mzima anayolipwa, anaweza kabisa kuja na fundi.